Mguu Uliotishia Mataifa

Elihuruma Kaaya amefundisha kwaya ya usharika wao, mlimani juu ya Kikatiti, tangu akiwa msichana. Mwaka juzi pikapu iliyojaa ndizi iliteleza kwenye tope ikambana ukutani, na hospitalini wakamkata mguu wa kulia chini ya goti. Alirudi kanisani kwa magongo. Lakini kwaya huongozwa kwa mikono, na mwenye magongo hana mikono ya ziada. Ikabidi aongoze kwa kidevu, na wanaume wa sauti ya nne wakawa wanaingia wanapojisikia.

Arnold, fundi wa viungo bandia mjini Arusha, akamwagizia ng'ambo wayo bandia wa nyuzi za kaboni, mwepesi na wenye kunesa. Miezi ikapita. Siku moja akampigia simu kwa sauti ya mtu anayeleta taarifa ya msiba.

"Shikamoo mama. Wayo wako umezuiliwa bandarini, huko huko ulikotoka."

"Marahaba. Umekosa nini?"

"Kaboni ile ndiyo wanayotengenezea maganda ya makombora. Kuna nchi imewekewa vikwazo, sasa kila kitu cha kaboni kinachunguzwa kisije kikapitishwa mlango wa nyuma."

Elihuruma hakuwahi kudhani kwamba Kikatiti ni mlango wa nyuma wa mtu yeyote.

Baadaye ofisa wa huko ng'ambo akampigia mwenyewe, mkalimani akiwa katikati. Alikuwa mpole, kama watu wote wenye uwezo wa kukataa. Akauliza mtumiaji wa mwisho wa bidhaa hiyo ni nani.

"Ni mimi. Sitarajii kumwachia mwingine."

Je, ana uhusiano na jeshi lolote?

"Naimbisha kwaya."

Kifaa kitasafiri umbali gani?

"Kutoka nyumbani hadi kanisani. Na kurudi, kama mvua haijanyesha."

Ofisa akashukuru, akasema dunia itakuwa salama zaidi kwa ushirikiano wake.

Mwezi uliofuata, wajumbe wa mataifa wakakutana Arusha kujadili kuenea kwa makombora, na kwaya ya Elihuruma ikaalikwa kuwaburudisha. Waliimba vizuri, ukiacha sauti ya nne. Wakati wa chai mjumbe mmoja, aliyewahi kuishi Dar na kujua Kiswahili, akamfuata kumpongeza. Nchi yake ilikuwa mstari wa mbele kudai vikwazo. Nayo huuza makombora, lakini kwa marafiki tu, na kombora la rafiki hujulikana kwa upole wake.

Elihuruma akamweleza habari za wayo. Mjumbe akasikiliza kwa uso wa huzuni kabisa.

"Mama, vikwazo havikulengwa kwako."

"Basi mlimlenga nani mkanipata mimi?"

Mjumbe akatazama kikombe chake. Akasema suala hilo ni nyeti, linahitaji kamati, akaenda kutafuta sambusa.

Kamati, kama iliundwa, ilifanya kazi upesi: wayo ukarudishwa kiwandani. Arnold alipopata habari akachukua plastiki ngumu na raba ya tairi la lori, akamchongea Elihuruma mguu ambao hakuna taifa lililouogopa. Ulikuwa mzito, na wiki za kwanza ulimchubua akalia chumbani peke yake. Lakini ngozi ikazoea, na Jumapili moja alipanda hadi kanisani bila magongo. Njiani alipumzika kwenye ukuta wa shule, na hakuna aliyethubutu kumnyooshea mkono wa msaada.

Asubuhi hiyo redio ya mzee wa kanisa ilikuwa ikisema nchi ile yenye vikwazo imerusha kombora jipya, jepesi kuliko yote, na limefika lilikotumwa. Mataifa yalikuwa yamekasirika sana. Vikwazo vingekazwa.

"Zima hiyo, mzee," Elihuruma akasema. Akanyanyua mikono yake yote miwili, akawatazama sauti ya nne mmoja mmoja, hadi wakaketi wima.