Nilivyotafsiri "unasikia" mguuni pa mama

Mguu wa mama yangu niliuharibu mimi, kwa mdomo. Sikuupiga wala kuukanyaga. Nilitafsiri tu.

Mama ana sukari, na anaongea Kiborana peke yake. Mwaka jana miguu yake ilianza kuchoka, akawa anajikwaa. Nikamtoa kijijini Gotu, nikamleta kwangu mjini, mtaa wa Wabera, kisha nikampeleka kliniki ya mazoezi ya viungo. Yeye alitaka jambo moja: arudi kwa mbuzi wake.

Daktari wa mazoezi alikuwa mwanamke Mmeru, mchangamfu. "Mama, sukuma mkono yangu na mguu yako," akasema. Mimi, mwandishi wa makala mwenye digrii ya lugha, nikamsahihisha: "Mkono wangu. Mguu wako."

"Asante, mwalimu," akajibu bila kukasirika. "Sasa mtafsirie."

Nikatafsiri, mama akasukuma. Mguu mmoja ulikuwa na nguvu, mwingine dhaifu kidogo. Daktari akaandika, akanieleza kuwa nguvu ya misuli ni nusu tu ya habari. Sasa atapima neva, ajue kama nyayo zinapata habari za ardhi, ndiyo aamue mazoezi. Akamfumbisha mama macho, akachukua uzi mgumu wa plastiki, akamgusa kidole gumba cha mguu.

"Muulize, unasikia?"

Nikamuuliza mama kwa Kiborana kama anasikia. Kusikia kwa masikio.

"Ee," mama akasema.

Kisigino. "Ee." Katikati ya wayo. "Ee." Daktari anaweka tiki tu. Mara ya sita mama akacheka, macho bado amefumba. "Huyu anafikiri mimi ni kiziwi? Mwambie nasikia. Hata mbuzi wa jirani nawasikia."

Hapo nikajua. Daktari alikuwa anauliza ngozi, mimi nikauliza masikio.

"Amesema nini?"

Ningesema nimekosea, tuanze upya. Ni dakika tano. Lakini nilikuwa nimeshamfundisha yangu na wangu. Nikajibu, "Amesema anasikia vizuri sana."

Aibu yangu ni hilo jibu. Neno lenyewe mtu yeyote angelikosea.

Kwa sababu ya zile tiki, mama alipewa mazoezi ya nguvu peke yake: kuinuka kitini, kusimama kwa vidole. Hakuna aliyemwambia avae viatu hata ndani ya nyumba, akague nyayo kila siku, akae mbali na moto. Nikamrudisha Gotu akiwa na furaha.

Baada ya wiki chache dada yangu akapiga simu. Mama alikuwa anapika chai, mguu umeegemea jiko la makaa. Dada aligundua kwa harufu. Mama alikuwa anaendelea na hadithi yake.

Vidole viwili vilikatwa. Sasa anaishi kwangu, mbuzi wamegawiwa ndugu, na wageni wakija huwaambia kwamba mwanawe msomi ndiye humwongelea hospitalini.

Tuliporudi kwa daktari yule, nilimwambia yote mlangoni nikiangalia viatu vyangu. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema tu, "Kaa pale, mzee. Leo sitahitaji mdomo yako."

Sikumsahihisha.

Akampa mama kijiwe, akamwonyesha kwa vitendo: nikikugusa, gonga kiti. Alipomgusa mkono, mama aligonga kila mara. Akashuka kwenye nyayo. Akagusa. Akagusa tena. Mama amefumba macho, kijiwe kiko tayari, uso umetulia, anangoja daktari aanze.

Wewe utakayesimama kesho kati ya mzazi wako na daktari, ukikosea neno sema hapo hapo, kabla mgonjwa hajashuka kitandani. Usijali umejigamba kiasi gani.

Mama bado hajui. Kila asubuhi nampigia magoti nimkague nyayo. Akiniuliza natafuta nini, namwambia miiba.