Ufunguo wa Ubao Mwekundu

Mume wangu aliondoka nyumbani kwa heshima zote. Hakupiga, hakutukana. Alikunja mashati yake manne, akabeba redio, akasema, "Mama, mimi nilioa mke. Sikuoa choo." Maneno mazito hayo, nadhani aliyafanyia mazoezi. Ningemjibu, lakini wakati ule nilikuwa huko huko chooni, kwa hiyo aliuaga mlango.

Nina vidonda vya utumbo mpana. Daktari alinieleza vizuri: ugonjwa huu hauambukizi, hakuna aliyeniroga, hauponi, na vidonge nitameza mpaka nizikwe. Ugonjwa ukilala, mimi ni mtu kama watu. Ukiamka, naweza kwenda chooni mara kumi kabla jua halijafika utosini, na damu juu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga walikuwa na bahati, walipata nafasi ya kuficha.

Mimi sikuipata, kwa sababu nilikuwa nashona kola kwenye kiwanda cha mashati. Miaka kumi na saba, kola tu. Ukimwona mwanamume na kola iliyokaa sawa shingoni, mshukuru Mungu, halafu nishukuru mimi. Tulikuwa wanawake themanini na choo kimoja. Choo kilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha msimamizi wetu, tuliyemwita Bi Funguo. Ili usipotee, ulifungwa kwenye kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyekundu, kirefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Ukibanwa, unakwenda mbele, unaomba, unapewa ubao, unapita nao katikati ya cherehani zote. Unarudi nao vilevile. Hata harusini sikuwahi kutazamwa hivyo.

"Dakika mbili tu, Bi," nilikuwa namwambia kila mara. Jina likaniganda: Dakika Mbili.

Siku niliyokwenda mara kumi na moja nilipewa barua. Mwenzangu wa cherehani ya pili alinisomea, maana mimi shule niliiona kwa nje. Kosa langu lilikuwa "utoro wa ndani ya kazi." Nilipeleka cheti cha daktari. Bi Funguo alikishika kwa ncha za vidole, kana kwamba utumbo wenyewe umo ndani ya bahasha.

"Dada yangu," akasema, "hapa ni kiwandani. Kama tumbo lako lina ratiba yake, likatafute kiwanda chake."

Basi tukaondoka, mimi na tumbo langu.

Kukimbia nilianza kwa sababu ambayo wanariadha huwa hawaitaji redioni: nilikuwa nawahi choo. Daktari alisema nitembee kila asubuhi. Nikawa natembea kuzunguka kituo cha mafuta cha jirani, kwa kuwa kina choo na muuza mafuta wake hana maswali. Tumbo likipiga hodi, natimua mbio. Mwaka ukapita hivyo, nikashtuka kwamba nakimbia hata tumbo likiwa limenyamaza. Kliniki tulikuwa na chama chetu cha wagonjwa wa utumbo, na chama kilikuwa na mbio za hisani kila mwaka, kilomita ishirini na moja, za kuwachangia dawa wenzetu wasio na uwezo. Nikajiandikisha. Mara ya kwanza nilifika nikakuta wanakunja mahema. Mara ya nne nilifika mahema yakiwa yamesimama, na mtu mmoja akapiga makofi.

Wifi yangu, dada wa yule mwenye redio, alinikuta siku moja natoka jasho.

"Wifi, unamkimbiza nani? Kaka yangu kashafika mbali."

"Simkimbizi, wifi. Naongeza umbali."

Mwaka wa tano, mwenyekiti wa chama akaja na habari njema. Tumepata mfadhili mkubwa: kiwanda cha mashati! Mkurugenzi mwenyewe ndiye mgeni rasmi. Fulana tayari zimeshonwa, zimeandikwa kifuani: TUMBO LAKO, HESHIMA YAKO. Nilicheka mpaka nikalazimika kukimbilia ndani.

Niliporudi, mwenyekiti alikuwa na la ziada. Mgonjwa atakayemaliza kabla mgeni rasmi hajaondoka, saa tatu na nusu asubuhi, atapanda jukwaani na kupewa kipaza sauti kwa dakika moja, atoe ombi moja mbele ya watu. Mbio zingeanza saa kumi na mbili na nusu. Saa tatu kamili za kukimbia, basi. Mimi na vidonda vyangu hatujawahi kumaliza chini ya saa tatu na dakika kumi.

Lakini ombi nilikuwa nalo tayari. Mwenzangu wa cherehani ya pili alikuwa bado kiwandani, na alikuwa na mimba ya miezi saba. Aliniambia ameacha kunywa maji tangu alfajiri mpaka jioni ili asiubebe ule ubao mara nyingi. Miguu ilikuwa imemvimba. Nilitaka dakika yangu moja nimwambie mkurugenzi: fungua choo. Basi.

Wagonjwa tulijiandikisha watatu. Wawili waliposikia habari ya jukwaa walipatwa na safari.

Siku mbili kabla nilikula wali mweupe na viazi vya kuchemsha, bila maharage, bila maziwa, bila raha. Nikaitembea njia yote kwa miguu. Wengine hutazama milima. Mimi nilitazama vyoo. Kilomita ya saba, kituo cha mafuta. Kilomita ya kumi na nne, vyoo viwili vya kuhamishika, vilivyoahidiwa na mfadhili kwa ajili ya wagonjwa. Siku yenyewe nikavaa suruali nyeusi, nikafunga kiunoni mkoba wenye karatasi na chupi ya akiba, nikaenda.

Kituo cha mafuta kilinila dakika nane. Yule muuza mafuta aliniambia tu, "Karibu, mama, pako wazi," na nikamwombea pepo. Kutoka hapo nilikwenda vizuri mpaka kilomita ya kumi na tatu, tumbo likapiga hodi tena. Si hodi ya mgeni. Ya polisi.

Vyoo vilikuwepo, vya buluu, vipya, vinang'aa. Kimoja kimefungwa kwa waya. Cha pili kimefungwa kwa kufuli. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, amekaa Bi Funguo, amevaa fulana ya heshima ya tumbo, na mapajani pake umelala ubao mwekundu. Waandaaji walisahau kununua kufuli, naye kwa moyo wake wa kujitolea akaleta lile la kiwandani, na ufunguo wake, na ubao wake.

"Dakika Mbili! Kumbe bado upo?"

"Bi, naomba ufunguo."

"Havifunguliwi, dada. Mgeni rasmi atavikagua wakati anaondoka. Tumeagizwa avikute safi."

"Vimeletwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya wagonjwa."

"Na mimi nani?"

"Wewe ni wa kuvichafua."

Sikuwa na muda wa mjadala. Nilisogea mpaka vidole vya miguu yangu vikagusana na viatu vyake vyeupe, nikashika mpira wa suruali. "Sawa," nikasema. "Viatu vizuri hivi, Bi. Dakika mbili tu."

Alinirushia ubao kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Nilipotoka, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kitambaa puani. "Uweke kwenye kiti!" akapiga kelele. Nikamuuliza mwanamke wa maji saa. Zilikuwa zimebaki dakika hamsini na nane, na kilomita saba. Kufuli niliacha likining'inia wazi. Nikaanza kwenda kwenye kiti kuurudisha ubao, maana mwili una mazoea. Miaka kumi na saba mimi ni wa kurudisha tu. Hatua moja, ya pili. Hatua ya tatu mguu ukakataa, ukageukia barabarani.

"Rudisha! Rudisha ufunguo! Wewe!" Bi Funguo alinifukuza kwa viatu vyake vyeupe kama mita mia. Watu kando ya njia walidhani ananishangilia. Wakamsaidia kupiga kelele.

Sijui nilikimbiaje. Ubao ulinipiga paja kila hatua, na tumbo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, lilikaa kimya kama lililoshikwa na hofu. Niliuvuka mstari saa tatu na dakika ishirini na nane. Mkurugenzi alikuwa amesimama, anafunga vifungo vya koti.

"Huyo! Mgonjwa wetu shujaa!" mshereheshaji akapayuka, nikavutwa jukwaani, kipaza sauti mdomoni. Maneno yote niliyokariri kwa wiki tatu yaliisha kama maji kwenye ungo. Pumzi ilinitosha kwa machache tu.

"Kiwandani kwako," nikasema. "Wanawake themanini. Choo... ufunguo huu." Nikamkabidhi ubao.

Mkurugenzi aliupokea kwa mikono miwili. Akautazama. Ni dhahiri hakuwahi kuuona. Choo chake yeye kimo ndani ya ofisi yake. Kisha akauinua juu, akatabasamu kwa wapiga picha.

"Ufunguo wa matumaini!" mshereheshaji akatafsiri. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akaapa mbele ya umati kwamba zawadi hii ya wagonjwa itakaa ofisini kwake daima. Akaingia garini, hakukagua choo chochote.

Nilikaa kwenye nyasi nikalia, na si kwa furaha, msidanganywe na picha. Nilikimbia kilomita ishirini na moja kwenda kudai, nikageuzwa mtoa zawadi.

Jumanne yake mwenzangu wa cherehani ya pili akanipigia simu, anacheka mpaka hasikiki.

"Dakika Mbili, umefanya nini? Ubao uko kwenye kabati la kioo la mkurugenzi, katikati ya vikombe!"

"Na choo?"

"Kiko wazi! Kufuli halina ufunguo, na kununua jipya lazima Bi Funguo aandike barua kwa mkurugenzi, aeleze ufunguo wa la zamani umekwenda wapi. Ameanza barua mara tatu, anachana."

Huu ni mwezi wa nne, barua haijaisha. Mimi sikurudishwa kazini wala sikuombwa radhi, na aliyeondoka na redio hajarudi, nashukuru. Mwenzangu amejifungua mtoto wa kike, na wiki zile za mwisho alikuwa anakunywa maji mpaka analalamika kwamba anachoka kwenda. Msumari bado upo nyuma ya kiti. Nasikia Bi Funguo anatundika mkoba wake pale.