Saksafoni Ilinyamaza, Mimi Sikunyamaza

Waliokuwepo kwa Shaibu muuza CD siku ile bado wananiita Mama Uji, na nimechoka kuwakatalia, kwa hiyo afadhali niieleze aibu hii mwenyewe kuliko kusikia inasimuliwa vibaya saluni.

Mwanangu Baraka alikuwa na miezi mitano na alikuwa halali. Sisemi alilala kidogo, nasema halali. Dawa ilikuwa moja tu: baba yake amlaze kifuani, afunge mdomo na kumwimbia bila maneno, mmm, mmm-mmm, wimbo alioutoa kwa dereva mmoja Mzambia. (Mume wangu alikuwa karani wa wakala wa forodha, kazi yake kupeleka karatasi kwa madereva kwenye foleni ya malori hapa Tunduma, na huko kwenye vichwa vya malori ndiko alikopata chai na muziki.) Alisema ni CD ya mpiga saksafoni na wenzake watatu, hakuna anayeimba hata neno. Mimi sikujali, mradi mtoto analala.

Basi kazini wakampeleka mume wangu mpaka wa Isongole wiki mbili, akaondoka na kifua chake. Baraka akalia siku ya kwanza, akalia ya pili. Mama mkwe akaja kutoka Mbozi kunisaidia, na kusaidia kwenyewe kulikuwa kukaa kwenye stuli na kusema, "Mwanangu, maziwa yako mepesi." Siku ya tatu mume wangu akapiga simu: "Yule dereva aliacha CD yake kwa Shaibu ichomwe. Kachukue kopi, umpigie mtoto."

Nikaenda dukani kwake pale Chapwa, nikanunua, nikarudi mbio, nikaweka kwenye redio yetu (ya Kichina, spika zake kama visosi). Jamani! Kwanza nasikia mtu anavuta pumzi, hhhfff, kama amepandisha mlima na ndoo kichwani. Halafu vitu vinagongana, tik tik. Halafu kiti kinalia krii. Ndipo saksafoni ikaja, nyembamba, inazungukazunguka, na wimbo wa mume wangu haumo! Nikarudia. Haumo. Baraka akapiga yowe hadi jirani akabisha mlango.

Mwenye akili angesubiri hasira ishuke. Mimi nilimfunga mtoto mgongoni nikatoka.

"Shaibu! Umeniuzia nini?"

"Dada yangu, hiyo kopi safi, nimechoma mwenyewe."

"Umemchoma mgonjwa wa pumu! Anahema humu ndani! Na wimbo wenyewe sio."

"Basi kaa hapa kwenye benchi, nikuwekee taratibu tusikilize."

Na hapa ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo kalikoniponza. Nilisema, "Taratibu ya nini? Weka nje, kwenye sabufa, sauti mpaka mwisho, watu wasikie unavyotuibia."

Shaibu akanitazama, akatoa sabufa nje (kubwa kama kabati la vyombo), akaweka. Hhhfff! Barabara nzima ikageuka. Wauza nyanya wakasimama, bodaboda wakazima pikipiki zao.

"Mpeni maji huyo, jamani!" akasema mmoja wa bodaboda, watu wakaangua kicheko, nami nikaona nimeshashinda kesi.

"Mnasikia? Mnasikia anavyohema?"

Dereva mmoja Mzambia aliyekuwa anakunywa chai akaja na kikombe chake. "Iye, bamayo," akaniita mama kwa Kibemba, kwa heshima, "si mbovu hii. Vyombo vya hawa havina umeme. Wako wanne, wamekaa chumba kimoja, wanapiga tu. Akivuta pumzi, unasikia. Kiti kikilia, unasikia. Ndiyo utamu wake."

"Nani kakuuliza wewe?"

Muziki ukapanda. Ngoma zinakimbia, kinanda kinakimbia, saksafoni inapanda juu kama inafukuzwa, na mimi ili nisikike nikapanda nayo, na ukishapanda hivyo unajikuta unasema hata ambayo hukuja kuyasema. Nikaeleza kwamba silali, kwamba sijachana nywele tangu Jumapili, kwamba sasa hata mama mkwe anadai mtoto analia kwa sababu maziwa yangu mepesi, na hapo hapo, bila kuaga, wale watu wanne wakanyamaza kwa pamoja, kimya, barabara nzima ikabaki na sauti yangu peke yake:

"YA KWAKE YALIKUWA NINI, UJI?"

Hakuna aliyecheka. Ndipo nikajua kuna jambo. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, ameshika nepi niliyosahau nyumbani.

Nilitamani lori linipakie linivushe mpaka.

Katika kile kimya kukaja sauti moja, nzito, polepole, kutoka kwenye sabufa hadi chini ya kandambili zangu. Mmm. Mmm-mmm. Lile gitaa kubwa linalopigwa limesimamishwa kama mtu, peke yake.

Mama mkwe hakunitazama mimi, alitazama sabufa. "Huyo ni mwanangu," akasema.

"Mama?"

"Hicho ndicho anachomwimbia mtoto. Wewe ulikuwa unamtafuta kwenye saksafoni. Mwanangu na sauti nyembamba ile, angeiweza wapi?" Akanipa nepi. "Na yalikuwa maziwa mazuri tu. Kifua kile unadhani kimetoka wapi?"

Hapo sasa walicheka, na dereva akamwaga chai yake.

Na mimi ndipo nikagundua simsikii Baraka. Amelala! Shavu limebanwa mgongoni, mate yanatiririka.

"Haya dada, umeridhika?" Shaibu akanyoosha mkono. "Nazima."

"Usizime!" Tulisema pamoja, mama mkwe na mimi.

Akajaribu kupunguza, Baraka akaguna, Shaibu akarudisha haraka. Basi tukabaki pale hadi wimbo wa mwisho, mama mkwe kwenye benchi, mimi nikiyumbayumba juani mbele ya watu wote niliokuwa nimewaita mwenyewe. Na niseme kweli, kufikia wimbo wa nne ile hhhfff nilikuwa naisubiri. Akivuta pumzi hivyo, unajua anataka kusema jambo la maana, halafu analisema kwa upole, na wenzake wanamwachia nafasi. Nyumbani kwetu hakuna anayemwachia mwenzake nafasi namna hiyo.

Mume wangu alisimuliwa yote kabla hajashuka garini. Sabufa tukanunua, maana vile visosi vya redio yetu havikuweza kuitoa ile sauti nzito.

Naapa, nikiwa na neno juu ya mama mkwe, nitalisema chumbani, muziki umezimwa, yeye akiwa Mbozi.