Siku Uwingabire Alipojibu Sawasawa

Uwingabire anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kituku, na ukipita pale asubuhi wakati mitumbwi inarudi, utamsikia kabla hujamwona. Anaongea Kiswahili na wavuvi, Kinyarwanda na wenzake wa kijijini kwao Kibumba, na maneno mawili matatu ya Kinande na wanunuzi waliotoka Butembo. Lugha moja tu ilikuwa inamfunga mdomo, nayo ni Kifaransa. Akiitwa shuleni kwa Janvier, kitinda mimba wake, anarudi nyumbani na karatasi ameikunja mara nne, kama mtu anayeficha kidonda.

Kwa hiyo mwalimu Paulin alipotangaza kanisani kwamba kila Jumamosi saa tisa atafundisha wamama Kifaransa cha nyumbani, Uwingabire alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Kalamu inamsumbua, basi akaenda na binti yake mkubwa, Umuhire, wa miaka kumi na minne, amwandikie. Umuhire naye aliishia mwaka wa nne wa shule ya msingi, mwaka ule volkano iliposhuka. Si msemaji. Alikuwa anakaa mwisho wa benchi na kuangalia midomo ya watu.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya majina ya jamaa. Père, mère, frère, sœur, yaani baba, mama, kaka, dada: wamama waliitikia vizuri kama wimbo. Taabu ilianza Paulin alipoandika cousin.

"Mwalimu, huyu kuzen ni nani tena?" akauliza Mama Mwasiti, ambaye babu yake alitoka Maniema na biashara ya nguo, na mdomo wa sokoni akamwachia yeye.

"Mutoto wa ndugu ya papa yako, ao wa dada ya mama yako."

"Ule ni ndugu yangu."

"Kwa Kifaransa, hapana. Ni cousin."

"Nikimwita vile atalia. Atasema nimemufukuza ku nyumba."

Wamama wakacheka. Mwasiti alipoona wanacheka, akaendelea.

"Na mama mudogo?"

"Tante."

"Mama mukubwa?"

"Tante."

"Shangazi?"

"Tante ile ile, mama."

"Maskini wazungu. Mama mumoja tu. Siku akikufa, batalilia kwa nani?"

Hata Paulin alicheka, chaki mkononi. Uwingabire peke yake hakucheka. Alikuwa amekaza macho ubaoni, na Umuhire anaijua sura ile. Ndiyo ya kuchambua samaki, wakati hataki hata mmoja aliyeoza apite kati ya vidole vyake.

Paulin akataka kila mama asimame ataje watoto wa nyumbani kwake. "Munisikilize vizuri," akasema. "Fils, mutoto mwanaume, na fille, mutoto mwanamuke, ni wale umezaa weye mwenyewe, ku tumbo yako. Wa dada yako ao wa kaka yako ni neveu na nièce. Batu ya bureau, ku maofisi, banaulizaka ile, na ukichanganya banakurudisha."

Wamama walichanganya sana. Mwasiti alitaja watoto tisa, wote fils na fille, mwalimu akamfutia watano. Zamu ikamfikia Uwingabire. Alisimama, akafunga kitenge upya, akaanza na Aksanti, binti yake wa pili.

"Aksanti, c'est ma fille."

"Bien."

"Janvier, c'est mon fils."

"Bien."

Halafu akamgeukia Umuhire, akatabasamu kama mtu mwenye uhakika. "Umuhire, c'est ma nièce."

"Très bien, vizuri sana, mama," akasema Paulin. "Mumeona? Huyu njo amesikia."

Wakampigia makofi.

Umuhire aliinamisha macho kwenye daftari. Neno lilikuwa pale, mstari wa sita, kwa mkono wake mwenyewe: nièce, mutoto wa dada. Alingoja. Mama alikuwa amekosea, sasa hivi atashika mdomo acheke, atasema pardon. Lakini Uwingabire aliketi na jasho la furaha puani, akamgusa goti.

"Nimeweza?"

Umuhire akaitika kwa kichwa. Masikio yalikuwa yanamvuma kama ameinama karibu na injini ya boti. Mistari mingine aliyoandika siku ile hakuna mtu angeweza kuisoma.

Walirudi kwa miguu, juu ya mawe meusi ya volkano. Siku zote wanatembea pamoja, bega kwa bega. Siku ile Umuhire alibaki hatua tano nyuma, anahesabu. Kama yeye ni nièce, basi Aksanti ni cousine. Janvier, aliyembeba mgongoni mpaka akajua kukimbia, ni cousin. Na Papa Nshobole, mume wa mama, fundi wa mitumbwi, hakuwa hata na neno la kumtilia. Kila neno lililopata mahali pake lilimwondoa yeye mlangoni hatua moja.

"Mbona unabaki?" Uwingabire akauliza bila kugeuka.

"Mama, mwalimu aliuliza batoto benye ulizaa."

"Ndiyo."

"Na mimi ukasema niko nièce."

"Si njo vile inaitwaka? Nilikosea?"

"Hukukosea?"

Hapo Uwingabire akasimama. Aligeuka polepole, akamwangalia binti yake usoni, na tabasamu la darasani likamtoka kidogo kidogo.

"Umuhire. Weye unajua."

"Nani aliniambia?"

 Pikipiki mbili zikapita, vumbi likatua juu yao.

"Jembe," Uwingabire akasema kwa sauti ya chini, yeye anayesikika Kituku nzima. "Kila mwaka nakupatiaka jembe ya kwanza."

Kila mwaka, maharage yakishavunwa, wanapanda Kibumba kusafisha kaburi la Nyiransengimana, dada mkubwa wa Uwingabire. Katika ukoo wao, anayepiga jembe la kwanza kaburini ni mtoto wa marehemu. Wengine wote wanangoja amalize, ndipo waanze kung'oa majani kwa mikono. Hakuna anayelisema. Huko kijijini mtoto anaona makaburi ya majirani wote, anaona nani ameshika jembe, na kufikia miaka saba amekwisha jua kila mtu ni wa nani. Umuhire alianza kulishika akiwa na miaka sita. Aliwaza anapewa kwa sababu yeye ni mkubwa, na Janvier ni mvivu.

"Ku Kibumba kila mutoto anajuaka," Uwingabire akasema.

"Mimi nilikulia hapa. Nimeona kaburi moja tu."

Uwingabire akakaa juu ya jiwe, pale pale kando ya barabara. Mshtuko ulikuwa umehama, sasa ulikuwa wake. Miaka minane alikuwa anamwambia mtoto jambo kubwa kuliko yote, na mtoto alikuwa anasikia tu kwamba majani yamekuwa marefu.

Akamweleza. Mwaka wa elfu mbili kumi na mbili walikimbia vita, wakaishia kambini Mugunga. Nyiransengimana aliugua tumbo siku mbili tu, akafa. Umuhire alikuwa na mwaka mmoja. Kabla ya kuurudisha mwili Kibumba kuuzika, bibi yao alikichukua kitenge cha marehemu, akamfunga mtoto mgongoni mwa Uwingabire. Ikaisha. Mtoto aliyefungwa vile haitwi yatima tena, na anayemwita anafukuzwa kilioni.

"Ulikuwa na miaka ngapi?" Umuhire akauliza.

"Mimi? Kumi na tano."

Umuhire alikuwa amejitayarisha kulia, lakini machozi yalikauka njiani. Mwakani yeye mwenyewe atatimiza kumi na mitano. Aliangalia mikono yake, kucha zenye magamba ya sambaza, akajaribu kuiona inapokea mtoto, na kichwa kikakataa.

"Ulikuwa na muchumba?"

"Alikuwako moja, Jean de Dieu, muchungaji wa ng'ombe. Mama yake akasema hataolesha kijana yake kwa musichana mwenye kuzaa."

"Ungemwambia niko wa dada yako."

"Ile neno ilinishinda. Ulikuwa umenikamata ku shingo." Uwingabire akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Miaka kumi na tatu, kwa Kiswahili haikunitoka hata siku moja, kwa Kinyarwanda pia. Leo kwa Kifaransa niliona ni somo tu. Nikataka kupata bien."

Umuhire akatangulia njiani. Siku zile zote hadi mavuno aliongea kidogo kuliko kawaida yake. Kila alipotaka kuita "mama" neno lilisimama kwanza, kama linaulizwa karatasi kizuizini, ndipo linapita. Uwingabire alikuwa analingoja. Akilisikia, anapumua.

Mwezi wa sita walipanda Kibumba, wanne, na jembe moja. Majani yalikuwa yamefika magotini. Uwingabire alimpa Umuhire jembe bila neno, kama kila mwaka, akarudi nyuma. Umuhire akalishika, akasimama. Halikuwahi kuwa zito vile. Aksanti akaanza kujikuna. Janvier akapiga miayo.

"Munajua juu ya nini mimi njo naanzaka?" Umuhire akauliza.

"Juu uko na nguvu," akasema Janvier.

Uwingabire aliinua mkono, kama kumzuia, ukabaki hewani.

"Hapana. Huyu wa hapa chini njo alinizaa." Akaelekeza kidevu kwa Uwingabire. "Na mama ni huyu."

Aksanti aliacha kujikuna. Janvier alimwangalia dada yake, akamwangalia mama yake, akaliangalia kaburi, kama ardhi imesogea na yeye peke yake ndiye aliyebaki amesimama. Uwingabire alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Jambo lile halijawahi kusemwa mahali pale kwa sauti.

"Basi weye ni nani yetu?" Janvier akauliza, kwa sauti ndogo.

Umuhire akapiga jembe la kwanza, udongo ukafunguka mweusi.

"Dada yako," akasema. "Inama, ng'oa majani."