Samli Juu ya Miwani ya Bartolomayo

Nimetembea sana katika nchi yetu hii ya Ugogo, lakini wakati wa Mdachi sikumwona mtu mweusi mwenye miwani ila mmoja, naye alikuwa Bartolomayo wa Mkonze. Mimi nilikuwa nikichuuza chumvi. Niliichukua kwa wachemshaji wa Bahi nikaipeleka mpaka Gulwe, na nikipita Mkonze sikulala kwingine ila kwake. Tembe yake ilikuwa ndefu, ng'ombe wanne upande mmoja, watu upande wa pili, moto katikati.

Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya reli. Alfajiri alitoka stesheni ya Dodoma na nyundo na spana, akagonga nati moja moja, akasikiliza ipi imelegea, mpaka akutane na mwenzake atokaye magharibi. Hapo walibadilishana vibao vya bati, kila mmoja akarudi alikotoka. Kibao hicho kilikuwa na namba, alikivaa shingoni.

Macho yake yalikuwa mabovu tangu ujana. Miwani aliachiwa na Mzungu mmoja wa misheni aliyekufa kwa homa, kwa kuwa Bartolomayo ndiye aliyemuuguza. "Nikiivua," alikuwa akisema, "treni na fahali kwangu ni ndugu, natofautisha kwa sauti tu."

Basi miwani ile ilimsaidia miezi yote isipokuwa kipupwe. Mnaujua upepo wetu wa Juni na Julai, unavyokata masikio. Mtu akitembea alfajiri hujifunika blanketi mpaka puani, na pumzi ikikosa pa kutokea hupanda juu, inakaa kwenye vioo. Bartolomayo alikuwa akitembea kama yumo ndani ya wingu. Alijaribu kuacha mdomo wazi, kifua kikamuuma majuma mawili. Alitemea vioo mate akapangusa, ikamsaidia kwa kitambo cha kufika darajani tu. Mwisho aligundua sabuni. Aligusa sabuni kavu kwa ncha ya kidole, akapaka vioo ndani na nje, kisha akapangusa kwa kitambaa mpaka ving'ae, usijue kama viliguswa. Ukungu haukukaa tena. Na kabla ya kutoka aliiweka miwani kifuani, chini ya shati, ipate joto la mwili.

"Kioo baridi kinaita pumzi," aliniambia. "Kioo chenye joto hakina shida na mtu."

Kisha ikaja vita ya Wazungu, na mwaka wa pili wa vita sabuni ikapotea madukani. Watu nao walianza kupotea. Walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, wakafungwa kamba shingoni wasitoroke, na kutoka Mkonze walikuwa wamekwenda wengi. Hakuna hata mmoja tuliyesikia habari zake. Mwenye kibao cha reli hakuguswa. Kile kipande cha bati ndicho kilichomweka Bartolomayo nyumbani kwake.

Nilifika kwake Juni mwishoni, nikamkuta amekaa na nyampara wao wa reli, Shaaban, mtu wa Kondoa. Mkewe Anyesi alikuwa karibu na moto, ana mimba kubwa. Binti yao mdogo, Ruthu, amelala mapajani mwake.

"Mbukwa," nikawaamkia, wakaniitikia, nikapewa ugali na mlenda. Shaaban akaendelea na habari yake.

"Mkaguzi anakuja Jumatatu, si hii, ile ya pili. Atasimamisha mtu na bendera hatua mia tatu, nasi tutaje rangi. Asiyeona anavuliwa kibao."

"Akishavuliwa?" aliuliza Anyesi.

Shaaban akachezea kuni. Akageukia utani, maana jibu tulikuwa nalo wote.

"Wewe Macho Manne unaogopa nini? Sisi tunayo mawili. Wakikunyang'anya mawili tutakuwa sawa."

"Na wewe na mawili yako," Bartolomayo akamrudishia, "juzi si ulimwamkia mbuzi ukidhani ni mama mkwe?"

"Alikuwa na ndevu zilezile!"

Tulicheka, hata Anyesi. Kisha Bartolomayo akafungua kitambaa akanionyesha sabuni yake. Ilikuwa imebaki kama punje ya mtama.

"Ndugu yangu, hii haifiki Jumatatu hiyo. Ukipita Gulwe, nitafutie kidogo. Hata kama kucha."

Nikamwahidi. Gulwe ni mwendo wa siku nne kwa mguu. Kwenda na kurudi siku nane, nami nilikuwa na siku kumi na mbili. Nafasi ilikuwepo.

Na sabuni niliipata. Mwanamke mmoja pale Gulwe, Mwanahawa, alikuwa akipika sabuni yake mwenyewe kwa mafuta ya nyonyo na maji ya majivu, nyeusi, inanuka, lakini ni sabuni. Alinikatia kipande nikamlipa chumvi. Siku hiyohiyo ningeweza kugeuka. Lakini mavuno yalikuwa yameingia, kulikuwa na pombe ya uwele kila nyumba, nami niliona siku bado zipo. Nikanywa siku tatu. Ya nne niliamka na kichwa kizito, nikasema nitaondoka jioni, nikaondoka kesho yake. Sitawaficha, ndivyo ilivyokuwa.

Sasa yaliyotokea Jumatatu nimeyapata kwa Shaaban, na mengine kwa Anyesi mwenyewe.

Punje ya sabuni ilikwisha Ijumaa. Jumapili jioni Bartolomayo alikwenda mpaka njiani kunitazama, akarudi. Anyesi aliiona hali yake. Kulipopambazuka, mume akinywa uji, yeye alitoa kibuyu cha samli. Kwao hakuna kitu cha thamani kinachotoka nyumbani bila kupakwa samli. Mtoto hupakwa akizaliwa, msafiri hupakwa paji la uso, hata mpini wa jembe hupakwa siku ya kwanza ya kulima. Hiyo ndiyo baraka yao, ya mama na bibi. Tena alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake kwamba umande haushiki kwenye kibuyu chenye mafuta. Akachovya kidole gumba, akapaka vioo kwa uangalifu, akapangusa kidogo, akaifunga miwani kwenye kitambaa.

"Nimeiombea, Baba Ruthu," alimwambia. "Iende ione."

Bartolomayo akaitia kifuani kama kawaida yake. Kifuani kuna joto, na samli penye joto haionekani. Aliichungulia mara moja karibu na moto, ikawa safi kama maji.

Pale stesheni walisimama watu tisa kwenye mstari. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mashariki, vumbi linaruka. Mkaguzi alikuwa ameshika saa mkononi. Ilipofika zamu ya Bartolomayo, akatoa miwani kifuani, akaivaa. Shaaban anasema aliona vioo vikibadilika vikiwa usoni pake. Vilifanya weupe polepole, kama mafuta ya mchuzi uliolala. Pumzi ikaja ikakaa juu yake.

Akaivua, akapangusa kwa shati. Mafuta yakatanda. Akapangusa kwa blanketi, yakashika manyoya. Akatema mate, mate yakateleza.

"Haraka," akasema Mkaguzi.

Bendera ya kwanza ikapandishwa. "Nyekundu," akasema Bartolomayo. Ilikuwa nyekundu. Shaaban anaapa kwamba alibahatisha.

Ya pili ilipopanda, Shaaban aliyesimama nyuma akakohoa mara mbili.

"Baadaye nikajiuliza, nilikohoa nini?" aliniambia. "Hatukuwa tumepatana ishara. Mara mbili kwangu ilikuwa kijani. Yeye atajuaje?"

"Nyeupe," akasema Bartolomayo.

Shaaban akakohoa tena kwa bendera ya tatu, na hapo askari akampiga kitako cha bunduki mgongoni. Bartolomayo aligeuka kumwangalia mwenzake aliyeanguka. Bendera ya tatu hakuitaja kabisa. Mkaguzi akafunga saa yake, akanyoosha mkono, kibao kikavuliwa shingoni. Kamba ilikuwa imeletwa tangu asubuhi.

Mimi niliingia Dodoma Jumanne mchana. Wapagazi walikuwa wamekalishwa kando ya reli wakingoja treni ya kwenda pwani. Nilimpata yuko wa nne kwenye kamba. Nilimsogelea nikampa kile kipande cha sabuni, maana mkononi nilikuwa nacho, na sikujua la kufanya nacho.

Alikinusa. "Nyonyo," akasema. "Sabuni nzuri hii."

"Ndugu yangu, nisamehe."

"Mpelekee Mama Ruthu, atafulia nguo za mtoto." Kisha akatoa miwani kifuani. "Na hii pia. Huko niendako mizigo haihitaji kuonwa. Lakini sikiliza, usimwambie kwamba samli ndiyo iliyoniponza. Mwambie macho yenyewe yamegoma. Umesikia? Macho yenyewe."

"Nimesikia."

"Apa."

Nikaapa. Askari akanifukuza.

Nilitembea mpaka Mkonze nikijipangia maneno. Ningeweza kuisafisha ile miwani njiani, sabuni nilikuwa nayo, na maji ya kisima yalikuwa karibu. Sikufikiri. Nililipanga neno la uongo kichwani, ushahidi nikauacha mkononi.

Anyesi alikuwa mlangoni. Watu walikwisha kumpa habari za kamba, kwa hiyo hakulia nilipofika. Nikasema nilivyofundishwa, "Macho yenyewe yamegoma, dada yangu. Vioo havikuwa na kosa."

Akapokea miwani akaiinua juani. Kulikuwa na vumbi, na manyoya ya blanketi, na pembeni mwa kioo cha kushoto, mahali ambapo shati halikufika, alama ya kidole gumba katika mafuta yaliyoganda. Mistari yake ilionekana yote. Akaweka gumba lake juu ya ile alama, pasipo kuigusa, akaliondoa, akaliweka tena.

"Hiki ni kidole changu," akasema.

Akanyoosha mkono nikampa sabuni. Akaingia ndani.

Bartolomayo hakurudi. Mtu mmoja aliyetoroka alisema alimwona upande wa kusini, milimani, kwenye baridi kali kuliko yetu, amekaa kando ya njia na mzigo wake, na msafara unapita. Zaidi ya hapo hakuna ajuaye.

Mtoto alizaliwa Agosti, wa kiume. Wanawake wa ukoo walikuja na kibuyu cha samli kama ilivyo desturi, mama yake Anyesi akiwa mbele. Anyesi akawakatalia mlangoni. Walimsihi, wakamtisha, mama yake akatupa kibuyu chini kwa hasira, akaenda zake. Anyesi akamwosha mtoto kwa ile sabuni nyeusi, peke yake.

Nilipita tena kipupwe cha mwaka uliofuata. Mtoto alikuwa anatambaa uani kwenye upepo, ngozi yake nyeupe kwa ukavu, imepasuka magotini. Miwani ilikuwa imetundikwa ukutani, imeng'aa, imepakwa sabuni na kupanguswa kama alivyokuwa akifanya mwenyewe. Anyesi alinipa maji. Nilikuwa na samli kidogo katika mzigo wangu, zawadi kutoka Bahi. Sikuitoa.