Kitabu Kilichofungwa kwa Uzi wa Kiondo

Nakumbuka Jumamosi moja nikichambua maharagwe mlangoni, hapa kwetu Katangi, ndugu yangu Mutua akataka kuniambia nani alimuua mwenye duka.

Mwenye duka huyo, mwanangu, alikuwa wa kitabuni. Mwalimu Kalondu, aliyekuwa amestaafu, alianzisha kikundi cha kusoma pale kanisani, na riwaya ilikuwa moja tu kwa sisi sote. Ilizunguka nyumba kwa nyumba. Kurasa ambazo kikundi hakijazifikia alizifunga kwa uzi wa kusukia kiondo, maana alijua tungechungulia mwisho. Jumapili tulikutana kubishana: ni mke, ni karani, au ni yule mlinzi mpole? Mimi nilimshuku mke. Hata nikipalilia nilikuwa namfikiria.

Sasa uzi ulikuwa umefunguliwa, zimebaki kurasa za mwisho, na zamu ilikuwa yangu. Nasoma polepole, kidole chini ya mstari. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, ili Mutua na mdogo wetu Nduku walelewe na wasome. Mutua alikuwa amekuja kutoka Nairobi kututembelea.

“Dada, bado uko hapo?” alicheka. “Mimi nimekimaliza chote ukiwa shambani. Nikupunguzie kazi? Aliyemuua ni...”

“Mutua! Malizia hilo neno na leo utakula kwa jirani.”

“Ai, si ni kitabu tu?”

“Kwako ni kitabu tu. Tangu uende shule, mwisho wa kila hadithi nimeusikia kwako. Huu niache nifike mwenyewe.”

Alitazama chini. Kisha akaondoa ungo wa maharagwe mapajani mwangu. “Haya, soma. Nitachambua mimi. Lakini usichelewe sana, nitapasuka.”

Sikuharakisha. Palipokuwa pagumu nilirudi nyuma, nikasoma tena. Nilipofika, nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Alikuwa mlinzi, yule niliyemhurumia tangu mwanzo!

“Umefika?” Mutua aliuliza.

“Nimefika. Na nilikosea kabisa!”

Tulibishana mchana kutwa kuhusu dalili nilizozipita bila kuziona, mpaka maharagwe yakashika sufuria.

Mwanangu, ukisoma polepole usione haya. Utamu wa kitabu cha namna hiyo uko katika kutojua bado. Usiruke hadi ukurasa wa mwisho. Kisia, ukosee, urudi uangalie ulipopotea. Tafuta na watu wa kubishana nao, kwa sababu peke yangu nisingekigusa kitabu kile. Na ukiwa wewe ndiye uliyetangulia kumaliza, mwachie mwenzako nafasi ya kushangaa, hata kama amebaki nyuma sana.

Mungu akutunzie macho hadi uzeeni, na akupe ndugu anayejua mwisho na bado akanyamaza.