Nilimchagulia binti yangu wheelchair ya kukua nayo

Salaam aleikum wakuu, na wale wa habari, habari zenu pia.

Nitaandika vile mambo yalienda, sitajipendelea. Mwenye kutaka kunitusi anitusi tu, mimi mwenyewe nimeshajitusi vya kutosha.

Niko hapa Isiolo town, nauza yunifomu za shule. Hii kazi mnaijua. Mzazi akija na mtoto namvalisha sweta inafika magotini, nakunja mikono mara mbili, namwambia hii ni ya kukua nayo. Anaenda amefurahi. Sidhani kama nimewahi kuuzia mtoto saizi yake.

Binti yangu anaitwa Talaso. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, na hajawahi kutembea. Akili yake iko sawa kabisa, hata anapenda kunisahihisha Kiswahili.

Alipofika miaka mitano, wafadhili walileta wheelchair za watoto. Physio, yule wa mazoezi ya viungo, msichana wa Meru, akampima Talaso kiuno, mapaja, mgongo, akaleta kiti kidogo. Nikaona huyu ananichezea. Mwaka mmoja tu kitambana, na hawa watu wa misaada wakienda ni wameenda. Nikamwonyesha kile kikubwa pale kando.

Akaniambia watarudi kila mwaka kubadilisha. Nikamwambia mimi ni mtu wa nguo za watoto, najua vile wanakua.

Akanijibu polepole, "Baba Talaso, kiti si sweta. Sweta ikiwa kubwa inaning'inia tu. Kiti kikiwa kikubwa, mtoto ndiye ananing'inia."

Mama Talaso akanivuta shati, ati tumsikize daktari. Sikusikia. Kulikuwa na mzee wa kamati ya kugawa viti, customer wangu. Nikamzunguka yule msichana nikaenda kwake, akaandika jina letu kwa kiti kikubwa. Kile kidogo kikachukuliwa na mama mmoja wa Ngaremara.

Nyumbani tukajaza leso na blanketi pande zote. Zilikuwa zinateleza. Talaso analala upande wa kushoto, namnyoosha, nikigeuka amelala tena.

Alikuwa ananiambia, "Aba, naanguka."

Namwambia, "Utakua, kitakutosha."

Wakuu, hiyo ndiyo dawa nilimpa mtoto wangu miaka minne. Physio walikuwa wanarudi kweli, kila mwaka, na mimi nilikuwa naona aibu kwenda. Mama Talaso alitaka kumpeleka, nikamkataza. Hiyo pia ni yangu.

Mwaka huu akaanza kupumua kwa shida, ndio tukaenda hospitali. Eksirei ikatoka. Mgongo wa Talaso umepinda kama herufi S, na mbavu za kushoto zimekaribia kukanyaga nyonga. Daktari akasema wengine hupinda hata wakikalia kiti kizuri, lakini kukaa vibaya miaka hiyo yote kumeharakisha. Operesheni ni Nairobi, na kwanza wanaogopa mapafu hayatavumilia dawa ya usingizi. Kwa hivyo tunangoja. Tunangoja nini, sijui.

Hapo kwa foleni nilimwona yule mtoto wa Ngaremara. Ako kwa kiti chake cha tatu, amekaa wima, anakula ndizi. Mama yake akanisalimia vizuri. Nilishindwa kumwangalia.

Juzi nilimweka Talaso kwa wheelchair. Miguu imefika pale chini, mapaja yamejaa, upana uko sawa. Kimemtosha, walai. Lakini hakuweza kukaa hata dakika tano, akaomba arudishwe kwa godoro.

Funzo ni hili: mtoto apimiwe kiti cha leo. Ya kesho yaachie kesho, na anayejua kazi yake mwache afanye.

Sasa naomba mwenye amepitia hii aandike hapo chini. Kuna mtoto amepinda hivi na akapata kukaa tena? Kama hakuna, pia niambieni. Kila asubuhi Talaso ananiuliza kama leo atakaa.